Njia ya Ndani ya Chai

Chai iliyokatwa ina harufu yake. Si ile harufu tamu na nzito ya majani yanayokaushwa kiwandani, inayoingia mpaka darasani wakati mtu ana njaa. Hii ni kali, mbichi, yenye uchachu kidogo, kama ganda la ndizi mbichi likimenywa. Juzi upepo uliileta mpaka kwenye kibanda cha mama, ninapouza parachichi na mayai ya kuchemsha, nikajua ng'ambo ya barabara kuna mtu anapogoa shamba lake.

Siku hiyohiyo gari lilisimama mbele yangu. Walishuka vijana watano wa rika langu kutoka Nairobi, viatu vyao vipya kabisa, mmoja ana fimbo ya chuma ya kukunja. Siku hizi wanakuja wengi wikendi, wanapenda kutembea kwenye chai na kupiga picha. Dada mmoja wao akaniuliza kama najua njia rahisi, yenye mandhari nzuri na isiyo na milima, maana yeye hapendi kutembea, ameburutwa tu na wenzake. Wenzake wakamcheka, wakasema akichoka atauzwa hukuhuku kwa ng'ombe wawili. Mimi si msemaji. Niliwaonyesha kwa kidole: mpite nyuma ya ile nyumba, mfuate ukingo wa shamba, msishuke mpaka msikie maji. Wakashukuru, wakaenda.

Walipopotea ndani ya majani nilibaki nimeshika parachichi mkononi. Njia niliyowaonyesha ilichaguliwa zamani kwa ajili ya mtu aliyechukia kutembea kuliko huyo dada. Alikuwa baba yangu. Huu ni mwaka wa pili tangu atuache, na habari ya njia ile sijawahi kumwambia mtu.

Baba alikuwa mtu wa bodaboda. Steji yake, kituo cha kungojea abiria, ilikuwa Sosiot, na kabla hajaugua sikumbuki kumwona akitembea umbali unaozidi ule wa kutoka mlangoni mpaka kwenye pikipiki. Hata kwenda kuazima nyundo kwa jirani alipiga kiki. Mama alikuwa akisema mlango wa choo ungekuwa mpana kidogo tu, angeingia nayo. Mimi nilikuwa mtoto wa tanki. Nilikaa mbele yake, joto la injini likinipanda miguuni, kidevu chake kikigonga kichwa changu kwenye kila shimo. Watoto wengine walikwenda shule kwa miguu, wakifika matope magotini na hadithi nyingi mdomoni. Mimi nilifika nikiwa safi na sina hadithi. Kwa hiyo nami sikujua kutembea, na sikuona sababu ya kujua.

Kisha presha ikamwangusha. Ninachokumbuka ni kikombe. Alikuwa amekishika, kikaanguka, naye akakitazama pale chini kama aliyekiangusha ni mtu mwingine. Akakaa hospitalini majuma kadhaa. Aliporudi mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja, lakini baadaye ukanyooka. Mkono nao ukarudi. Mguu wa kushoto haukurudi. Ulikuwepo, lakini ulikuja nyuma yake kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Pikipiki ikafunikwa nailoni stoo, na kuku mmoja akaanza kutagia kwenye kiti chake.

Muuguzi wa dispensari alimwambia mama kwamba dawa peke yake haitoshi. Mgonjwa atembee kila siku, polepole, mahali pasipo mlima mkali. Akikaa tu mguu utakauka, na presha itarudi, na ikirudi mara ya pili haitabisha hodi. Maneno hayo mama alinieleza nilipokuwa mkubwa. Wakati ule nilichojua ni kwamba baba anaambiwa kila asubuhi atoke atembee, na kila asubuhi anasema kesho.

Wewe uliyekulia huku utamwelewa. Kwetu mtu hatembei bure. Ukikutana na mtu njiani, baada ya salamu anakuuliza unaenda wapi, na lazima uwe na jibu: dukani, kanisani, kupeleka majani, kutafuta ndama. Asiye na jibu ana shida ya kichwa, au ana mpango na kuku wa watu. Baba hakuwa na jibu. Halafu kutoka kwetu kulikuwa na barabara moja, na barabara hiyo inapita katikati ya steji. Wanaume wa pale walikuwa rafiki zake, na ndimi zao alizijua. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akipita pale akichechemea, nao walimwita Gia ya Kwanza. Mzee huyo alikuwa akicheka nao, lakini alianza kupitia mbali. Jina lile alipewa na baba yangu.

Basi jioni moja mama akasema, bila kumwangalia mtu, kwamba Senge anahitaji maziwa. Senge ni shangazi kwa lugha yetu, na huyu alikuwa dada yake baba, aliyeishi ng'ambo ya kijito. Nyumba yake ilikuwa kwenye mgongo wa pili wa ardhi ukihesabu kutoka kwetu. Mama alisema Cherono, yaani mimi, atakuwa anapeleka kila siku akitoka shule, apite ndani ya chai, ni karibu. Shida ni kijito. Daraja ni magogo mawili, na mtoto wa miaka tisa hawezi kuvuka peke yake. Siku iliyofuata alinipa kimtungi cheupe cha plastiki chenye maziwa, akasimama mlangoni kama mtu anayengoja mvua ipite. Baba akanitazama mimi, akautazama mtungi, akavaa gambuti zake, zile buti za mpira.

Njia ilianzia nyuma ya nyumba, kwenye chai yetu kidogo, kisha ikaingia shamba la Baba Njeri. Huyu alikuwa jirani yetu, wazazi wake walitoka mkoa wa Kati zamani, na shamba lake lilikuwa kubwa, limezunguka mgongo wote. Chai yake ilikuwa imechelewa kukatwa. Mnajua chai inavyokuwa ikichumwa miaka mingi bila kupogolewa: juu imenyooka kama meza, lakini meza yenyewe inapanda kidogo kila mwaka. Ile ilikuwa imempita baba kiuno. Mimi ilinifunika kabisa. Njia haikupanda wala kushuka, ilifuata ubavu wa kilima taratibu, na mwisho tu ndipo iliposhuka kwenye mizizi mpaka majini, ambako hewa ilikuwa baridi ghafla hata kama jua linawaka.

Kwangu mimi ilikuwa shimo refu la kijani. Majani yaliyolowa yalinipiga usoni, maji yakaniingia shingoni, na sikuona chochote isipokuwa mashina na udongo mwekundu. Baba alitembea nyuma yangu, mkono wake umekaa begani kwangu. Ulikuwa mkono mzito. Nilidhani ananiongoza nisipotee, nikawa najisemea kwamba njia ni moja tu, nitapoteaje, si angeniachia bega. Nilisikia gambuti zake: moja inakanyaga, nyingine inasugua. Inakanyaga, inasugua. Nikachoka haraka, nikauliza kama bado ni mbali. Akaniambia ninyamaze, hata yeye hapendi. Hilo lilinifurahisha kidogo. Tulikuwa wawili.

Kitu kingine kilinishangaza. Wachumaji walimwona baba, wao wakiwa kati ya mistari na aproni zao za nailoni na vikapu mgongoni. Kila mmoja alipaaza sauti akisema Baba Cherono amepona, Mungu ni mwema. Baba alinyoosha mgongo, akainua mkono, akajibu kwa sauti ya zamani, ile ya steji. Nilitazama chini nikaona mguu wake unavyojivuta, nikajiuliza hawa watu wanaona nini. Kumbe wao walimwona kuanzia kiunoni kwenda juu. Chini ya meza ya chai hapakuonekana. Kulikuwa na baba wawili kwenye njia ile, wa juu aliyepona, na wa chini aliyejulikana na mimi peke yangu.

Tulikwenda hivyo siku nyingi. Mvua ya saa tisa ikiisha, tunaondoka. Polepole nilianza kuijua njia kwa miguu: mahali penye jiwe, mahali penye siafu, mahali ambapo harufu ya mikaratusi inaanza. Siku moja kwenye sehemu ya tambarare baba akaanza kunguruma kama pikipiki, chini kwa chini, akabadilisha gia, akapiga honi kwa mdomo. Nilicheka mpaka maziwa yakatikisika. Kwenye mizizi ya kushukia kijitoni alikuwa akishika bega langu kwa mikono yote miwili. Baadaye kwa mmoja. Siku moja nikageuka nikamkuta ameshuka mwenyewe, anatazama gambuti yake kana kwamba imesema jambo. Sikuona maana yake. Nilifurahi tu kwamba bega langu limepumzika.

Lakini nyumbani tulikuwa tunakunywa strungi. Ng'ombe wetu alikuwa mmoja na maziwa yake yalikuwa yanapungua. Yakishatolewa ya Senge, yaliyobaki yaliingia kwa mtoto mdogo, ndugu yangu. Sisi wengine tulipata chai nyeusi. Huku kwetu kumpa mtu strungi ni kama kumwambia hukumtarajia. Mtoto wa shule anayetembea kilomita nzima na maziwa mkononi, halafu anarudi kunywa chai isiyo na maziwa, anakuwa na uchungu moyoni. Nilijifariji kwamba Senge ni mhitaji. Nilidhani ng'ombe zake wamekufa. Nilimhurumia sana, na huruma ile ilinisaidia kumeza.

Siku moja tulipofika, baba aliketi barazani kupumua, nami nikaenda nyuma kutafuta maji ya kunywa. Kulikuwa na ng'ombe wawili pale, wote wana viwele vikubwa. Na Senge alikuwa ameinama, kimtungi chetu mkononi, anamwaga maziwa yetu kwenye karai. Ndama akatia mdomo, akanywa yote, akalamba chuma mpaka kikalia.

Njiani baba aliuliza mbona nimenuna, nikasema nimechoka. Jioni mama alipotupa vikombe vya strungi, ikanitoka yote. Nilisema Senge ana ng'ombe wawili wanaokamwa, na maziwa yetu anampa ndama, nimeona kwa macho yangu, na tusimpelekee tena mtu mwenye dharau namna hiyo. Nilisema kwa sauti, mimi ambaye darasani nilikuwa nikijibu kwa kunong'ona. Nilingoja nisifiwe.

Mama aliweka birika chini. Baba alimtazama kwa muda mrefu, akaitazama gambuti yake pale mlangoni, akamtazama tena mama.

"Kwa hiyo mlikuwa mnanitembeza," akasema. "Kama ng'ombe wa josho."

Baba akanywa strungi yake yote bila kupumzika, na siku iliyofuata nilipotoka shule nikamkuta amekaa nyuma ya nyumba kwenye kiti cha plastiki, miguu iko peku. Mtungi ulikuwa umepinduliwa juu ya uzio. Hakuna aliyenituma popote, na kikombe changu siku hiyo kilikuwa na maziwa mengi. Sikuelewa kwa nini hayakuwa na ladha.

Alikaa kwenye kile kiti juma moja, na la pili, na la tatu. Jua likimfikia anakisogeza. Mguu ulivimba kwenye kifundo, na jioni mama aliusugua kwa mafuta, akiukunja na kuukunjua, naye baba anatazama pembeni kama kinachosuguliwa ni cha mtu mwingine. Uso wake ulikuwa unarudi ule wa hospitalini. Siku moja alijaribu kuinuka akashindwa, akajifanya hakutaka kuinuka. Niliona. Nilikuwa nimezoea kuona ya chini.

Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga. Tulikuwa tunachuma majani pamoja, yeye mstari wake na mimi wangu, akaanza kusema taratibu bila kuacha kuchuma.

"Hukuwa unapeleka maziwa, Cherono. Ulikuwa unampeleka baba yako. Fimbo ya mgonjwa aliikataa, nikampa wewe."

Nilisimama pale na majani mkononi. Bega langu la kulia, lile alilokuwa akishika, likawa zito kana kwamba mkono bado uko juu yake. Nilimwuliza kama mguu utakauka kweli. Akasema muuguzi amesema hivyo. Nikauliza, na baada ya mguu? Akaendelea kuchuma.

Siku hizohizo Baba Njeri alikuja. Alisimama nje ya uzio, kofia mkononi, akaongea na mama kwa sauti ya chini. Alisema amengoja misimu miwili kama alivyoombwa, lakini sasa chai imekuwa msitu, wachumaji wanamlalamikia mikono haifiki, hawezi kungoja tena. Mama akamshukuru. Akamwambia akate tu, hata hivyo hakuna anayepita tena. Miaka ilipita kabla sijaelewa kwamba jirani yetu aliiacha chai yake irefuke ili baba yangu apate mahali pa kuficha mguu.

Jumamosi iliyofuata nikaamua. Mpango wangu ulikuwa wa kitoto: nitapeleka mimi mwenyewe maziwa kwa Senge, nimwombe aje nyumbani aseme kwamba ndama alikuwa mgonjwa siku ile tu, na kwamba yeye anayahitaji maziwa, anayahitaji sana. Baba akisikia hivyo atavaa gambuti. Niliwahi yale ya mchana kabla mama hajayagawa, nikajaza kimtungi, nikapita nyuma ya nyumba. Kiti cha plastiki kilikuwa na baba, macho yamefumba. Nikanyata.

Nilipita chai yetu, na pale shamba la Baba Njeri linapoanza, nikasimama. Hapakuwa na kitu. Shimo langu la kijani lilikuwa limeondolewa. Yaliyobaki ni mashina ya kunifika magotini, vichwa vyake vimekatwa vyeupe, na matawi yamelazwa juu yake kila mahali kuyakinga na jua. Harufu ilikuwa kali mpaka machoni. Na kwa mara ya kwanza niliona mbali. Niliona mkunjo wa kijito na mikaratusi yake, vilima vikipangana kuelekea Bomet, na moshi wa kiwanda ukiwa umesimama wima. Niliona paa la Senge. Lilikuwa pale tu. Miezi yote ile nilidhani tunakwenda safari.

Upande wa juu, barabarani, lilikuwa banda la kupimia majani, na saa ile lilikuwa limejaa. Watu na magunia yao, pikipiki nne tano zimeegeshwa, wanaume wameegemea nguzo wakitazama bonde. Kila kilichotembea shambani walikiona.

Niliingia. Njia ilikuwa imefunikwa na matawi, nikakisia. Nikakanyaga hapa, nikazama. Nikakanyaga pale, mguu ukapenya kati ya matawi mawili ukakwama, gambuti ikabaki ndani na soksi ikatoka. Matawi ya chai yaliyokatwa kwa upanga yana ncha kama misumari. Nilichanika kwenye shavu la mguu. Sikuweza kuendelea na sikuweza kurudi. Nikakaa pale katikati, mtungi nimeukumbatia ili usimwagike, nikalia kwa sauti ndogo, maana hata kulia niliona haya watu wa bandani wakinisikia.

Sijui nilikaa muda gani. Nilipoinua macho nikaona mtu amesimama mwisho wa chai yetu, kwenye mstari wa mwisho ambao haujakatwa. Alikuwa baba. Pale aliposimama alikuwa mzima, kama wachumaji walivyomjua: mabega, shati, kofia. Alitazama lile shamba lililovuliwa nguo. Alitazama bandani. Wao nao walikuwa wameshamwona, mtu mmoja akainua mkono. Baba hakuinua wake. Kutoka nilipokaa niliona kifua chake kikipanda na kushuka. Nilitaka kumwambia arudi, nitajitoa mwenyewe. Mpaka leo sijui ni haya iliyonizuia au kitu kingine.

Akatoka.

Mguu ukaja nyuma yake. Bila chai ya kuuficha ulikuwa mbaya kuliko nilivyoujua, baada ya majuma yale ya kiti. Alipiga hatua, akauvuta, akauinua kwa mkono kwa kushika suruali ili uvuke tawi, akautua, akapumua. Bandani maongezi yalikatika. Alianguka mara moja, akapiga goti, akainuka kwa kushika shina. Mtu mmoja alianza kuteremka kumsaidia, mwingine akamshika mkono akamzuia. Niliyaona yote. Ni kipande kidogo tu, yule dada wa Nairobi angekipita akipiga picha. Baba alikitembea mpaka kivuli changu kikahama upande.

Aliponifikia alikuwa amelowa jasho. Hakunigombeza. Alitazama gambuti iliyokwama, akatazama mtungi mikononi mwangu.

"Umebeba maziwa," akasema, "ukaniacha mimi."

Akainama akaitoa gambuti kwa kuizungusha, akakung'uta vijiti, akanivika. Kutoka juu sauti ikaita, ya Langat, rafiki yake wa steji, ambaye walikuwa wakigombania abiria kila siku na kula pamoja kila mchana.

"Baba Cherono! Uko gia gani leo?"

Nilimwona baba akifumba macho. Kisha akajibu, na sauti yake ilikuwa ile ya steji, imefika mpaka juu.

"Ya kwanza. Hii ndiyo ya kupandia mlima."

Wakacheka, naye akacheka, na kicheko chao hakikuwa kibaya. Langat akapaaza tena sauti, akauliza kama alete pikipiki mpaka ukingo wa shamba atupeleke. Baba akamwambia hapana, aende akabebe abiria wake, wapo wengi wanaomsubiri. Wakarudi kupima majani yao.

Baba alitafuta mahali kwenye matawi yaliyorundikwa, akaketi, akaunyoosha mguu mbele yake juani, wazi, kila mtu auone. Nikaketi kando yake. Hatukuwahi kupumzika kwenye njia ile. Alikuwa akiogopa kusimama. Sasa alitazama huku na huku kama mgeni. Alinionyesha kwa kidole barabara ya Kericho inapopinda, akanionyesha shule yangu, akanionyesha mahali alipozaliwa yeye na Senge kabla babu hajahama. Alikuwa amepita pale mara mia akiwazia mguu tu, akasema, na hakuwahi kujua kwamba kunaonekana hivi.

Kisha akauliza kama maziwa yamepona. Nikafungua kifuniko. Akanipa nianze mimi. Yalikuwa na uvuguvugu wa jua na wa mwili wangu. Nikanywa, nikampa, akanywa, akanirudishia. Tulikuwa tunapokezana, kama watu wawili kwenye chungu kimoja, mpaka nilipoinamisha mtungi halikutoka tone. Ndipo nilipoogopa. Nikamwambia maziwa ya Senge yameisha, sasa tutarudi nyumbani.

Baba akajifuta mdomo.

"Kurudi kwa nini? Twende kwa Senge."

"Tunampelekea nini?"

Akaweka mkono begani kwangu, kwa uzito wake wote safari hii, bila kuuficha, akainuka.

"Hakuna," akasema. "Tunatembea tu."